Kwa Nini Nilicheka? Historia Fupi ya Mashine Zinazoiga Maamuzi ya Watu

Nianze na jambo ambalo sijivunii hata kidogo. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, tulikuwa na mwenzetu mmoja mpole ambaye mama yake alimwandikia barua karibu kila mwezi, maana simu tulikatazwa. Jamaa mmoja wa kidato cha nne, mkubwa wa bweni letu, alikuwa na mtindo wa kuzinyakua zile barua na kuzisoma kwa sauti baada ya prepo, amesimama juu ya tranka, akimwigiza yule mama. Bweni zima tulicheka. Nami nilicheka. Muhula uliofuata mwenzetu yule hakurudi, na kitanda chake kikabaki chuma tupu.

Nimejaribu kuiandika habari hiyo mara tatu katika riwaya ninayohangaika nayo, na mara tatu nimechana kurasa. Yule mkubwa anatokea kuwa shetani mtupu, yule mpole anakuwa malaika, na mimi mtazamaji sina sura kabisa. Rafiki yangu mmoja ambaye huwa tunasomeana kazi zetu akaniuliza: "Sasa huyu mtu wako anayecheka, anataka nini? Na anadhani wenzake wanawaza nini?" Sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba alicheka, basi.

Swali hilo ndilo lililonipeleka, bila kutegemea, kwenye historia ya watu ambao si watunzi wa riwaya hata chembe. Ni wataalamu wa kompyuta na saikolojia ambao kwa miaka karibu sabini wamekuwa wakijaribu kuunda ndani ya mashine mtu wa kubuni anayeamua mambo kama mtu wa kweli. Nilidhani nitakuta habari za mashine zenye akili kupita kiasi. Kumbe historia yenyewe ni ya watu waliojifunza polepole kuipa mashine upungufu wetu.

Viwanja vya watoto

Tuanzie Milwaukee, Marekani, mwaka 1935. Kijana mmoja aitwaye Herbert Simon, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa akichunguza jinsi mji ule unavyoendesha viwanja vya michezo ya watoto. Viwanja hivyo vilikuwa na wakubwa wawili. Bodi ya shule ilileta wasimamizi wa michezo, na idara ya kazi za umma ilitunza viwanja vyenyewe. Wote walivuta fungu moja la fedha. Vitabu vya uchumi alivyosoma Simon vilisema mtu mwenye akili timamu hupima kila senti mpaka aone ni wapi itazaa faida kubwa kuliko kwingine kote. Simon hakumwona mtu yeyote akipiga hesabu ya namna hiyo. Aliona watu wa michezo wakiamini kwamba fedha ziende kwenye michezo, na watu wa matunzo wakiamini ziende kwenye matunzo. Kila mmoja aliona dunia kupitia dirisha la ofisi yake.

Jambo hilo dogo lilimkaa moyoni maisha yake yote. Mwaka 1947 alitoa kitabu juu ya jinsi watu wanavyoamua mambo maofisini, na katika miaka ya 1950 akaliweka wazo lake bayana: akili ya binadamu ina mipaka. Hatujui yote, hatukumbuki yote, muda hautoshi. Kwa hiyo mtu hatafuti kilicho bora kuliko vyote, anatafuta kinachotosha. Wewe mwenyewe fikiria siku uliyotafuta chumba cha kupanga. Hukuzunguka mji mzima ukikagua vyumba vyote. Ulipopata chenye maji karibu, kodi unayoiweza na mwenye nyumba asiye mkorofi sana, ulitoa hela ukahamia. Wahenga walikwisha kusema kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Simon alisema jambo linalokaribiana na hilo kwa lugha ya kitaalamu, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Mke, watoto na kadi

Simon hakutaka kuishia kwenye maneno. Yeye na mwenzake Allen Newell, wakisaidiwa na Cliff Shaw, waliamua kutunga programu itakayofikiri kwa hatua kama binadamu. Mwishoni mwa 1955 mpango wenyewe ulikuwa umekamilika kwenye karatasi, lakini kwenye kompyuta ulikuwa haujaanza kufanya kazi. Basi Januari 1956 Simon akawakusanya mkewe, watoto wake watatu na wanafunzi kadhaa, akampa kila mmoja kadi yenye maelekezo. Kila mtu akawa kipande cha programu. Huyu anapokea, yule anatafuta, mwingine anapitisha kwa jirani yake, na hakuna anayehitaji kuelewa kazi nzima. Kwa njia hiyo wakathibitisha kanuni za mantiki.

Mimi kisa hiki kinanipendeza kuliko vingine vyote katika historia hii. Kabla mashine haijaigiza watu, ilibidi watu waigize mashine!

Mwaka huohuo programu hiyo, iliyoitwa Logic Theorist, ikafanya kazi kwenye kompyuta. Katika kanuni 52 za kwanza za sura moja ya kitabu maarufu cha hisabati cha Whitehead na Russell, ilithibitisha 38. Haikujaribu kila njia iliyopo, maana njia hizo hazina mwisho. Ilikisia, ikafuata dalili, ikakata njia za mkato, kama mtu anayetafuta nyumba ya mgeni uswahilini kwa kuuliza walipo mafundi cherehani na wauza genge.

Kuanzia 1957 wakatunga programu nyingine, GPS. Safari hii waliwaita wanafunzi, wakawapa mafumbo, wakawaambia wafikiri kwa sauti. Kila neno likaandikwa, hata "aa, hapana, nimekosea." Kisha maneno hayo yakalinganishwa na hatua za programu, mstari kwa mstari. Kama mwanafunzi alikwama mahali ambapo programu ilipita bila taabu, basi lenye kasoro lilikuwa programu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hawa jamaa na sisi watunzi tuna shida moja. Mhusika anayejua kila kitu si mtu.

Walijifunza mengi pia kwenye michezo ya ubao. Mwaka 1973 Simon na William Chase walionyesha kwamba bingwa wa sataranji akitupia jicho ubao kwa sekunde chache anaweza kuipanga upya sehemu yake kubwa, lakini kete zikitawanywa ovyo bila mchezo wa kweli, bingwa anakuwa karibu sawa na mtu wa kawaida. Hana kumbukumbu kubwa kuliko yako. Ana mazoea tu, yaliyofungwa mafungu mafungu. Uchunguzi wa namna hii ulifika mpaka kwetu. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alitoa tasnifu yake huko Leiden juu ya ubingwa wa bao, baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar, akiuliza swali lilelile: mipaka ya akili ya mtu iko wapi? Kwa hiyo wale wazee unaowapita barazani, wameinamia mashimo 32 na kete 64, na wao wamo katika historia hii.

Watu 480 wa kura

Lakini akili ya fumbo ni kitu kimoja, na akili ya mtu katikati ya watu ni kitu kingine. Mwaka 1959 ilianzishwa Marekani kampuni iliyoitwa Simulmatics. Wataalamu wake walichukua majibu ya watu zaidi ya laki moja waliokuwa wamehojiwa katika kura za maoni za miaka iliyopita, wakawagawa wapiga kura katika aina 480. Kwa mfano, aina mojawapo ilikuwa wanawake weupe Wakatoliki wa kipato cha chini, wakaao miji mikubwa ya mashariki, wapenzi wa chama cha Democratic. Kisha wakaiuliza kompyuta: mgombea akisema hivi, aina hii itafanyaje?

Katika uchaguzi wa 1960 walimpelekea John Kennedy, aliyekuwa Mkatoliki, taarifa kwamba ni heri aukabili waziwazi ubaguzi wa kidini, maana kura za kupoteza kwa sababu hiyo alikwisha kuzipoteza. Kennedy alisema waziwazi, akashinda kwa kura chache. Kama alifanya hivyo kwa kuwasikiliza wao, wanahistoria wanabishana. Baadaye kampuni ile ikajitosa Vietnam wakati wa vita, ikidai itaisoma mioyo ya wanavijiji wa kule, na mwaka 1970 ikafilisika.

Naona kosa lao lilikuwa hili: walihesabu mtu ni wa fungu gani, wakadhani wameshamjua. Hilo nalifahamu. Katika kurasa nilizochana, yule mkubwa wa bweni alikuwa "mwonevu" tu, aina moja kati ya 480. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Woga ndani ya mashine

Mwaka 1972 daktari wa magonjwa ya akili, Kenneth Colby wa Stanford, alileta kitu kipya: mashine yenye woga. Programu yake iliitwa PARRY. Ilijifanya kijana wa miaka 28, karani wa posta, aliyegombana na mchezesha kamari na tangu hapo akaamini kwamba genge la wahalifu linamwinda. Ndani yake mlikuwa na vipimo vitatu, woga, hasira na kutoamini watu. Ukiuliza swali la kawaida, vinakaa chini. Ukitaja kamari, woga unapanda. Ukimtukana, hasira inapanda, na jibu linabadilika kufuatana na vipimo hivyo. Madaktari waliposoma mahojiano ya PARRY na ya wagonjwa wa kweli, kuwatofautisha kwao hakukuzidi kurusha shilingi juu.

Hakuna aliyesema PARRY anaogopa kikweli. Lakini Colby alionyesha kwamba huwezi kuiga uamuzi wa mtu ukauacha moyo wake nje. Swali lile moja, kwa mtu yuleyule, lina majibu mawili, inategemea amekwisha kutishwa au la.

Kisha mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Yale, James Meehan akatuingilia kabisa katika fani yetu. Alitunga programu ya kusimulia hadithi za wanyama, TALE-SPIN. Kila mnyama alipewa haja zake, mambo anayoyajua, watu anaowapenda na anaowaogopa, na njia za kupata anachotaka: kuomba, kubadilishana, kutisha. Ukiwaachia, hadithi inajitokeza yenyewe.

Zilizoharibika ndizo zilizofundisha zaidi. Katika moja, dubu mwenye njaa anamuuliza ndege asali iko wapi. Ndege anajibu kwamba kuna mzinga wa nyuki mtini. Dubu anatishia kumpiga, maana yeye kauliza asali, kajibiwa nyuki! Hakuna aliyekuwa amemfundisha dubu kwamba penye mzinga pana asali. Katika nyingine, sisimizi anakwenda kunywa maji ukingoni mwa mto, alipokaa rafiki yake ndege. Anateleza, anatumbukia, anakufa maji. Ndege amekaa palepale, anatazama. Si kwamba alikuwa mbaya. Meehan alisahau tu kuandika kwamba mtu huona yanayotokea mbele ya macho yake.

Nilisoma habari ya dubu nikicheka peke yangu. Nilipofika kwa ndege nikanyamaza. Ndege yule hakuona. Mimi niliona.

Mwonevu, mwonewa na wanaotazama

Sasa nifike kwenye programu iliyonijibu, au iliyokaribia kunijibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Stacy Marsella na David Pynadath wa Chuo Kikuu cha Southern California walitengeneza programu iitwayo PsychSim, na mwaka 2005 wakaieleza katika mkutano mkubwa wa wataalamu wa akili ya kompyuta. Kila mtu wa kubuni aliyemo ana mambo anayoyataka, na kila jambo lina uzito wake. Ana anachoamini juu ya hali ilivyo. Na juu ya hayo ana picha ya wenzake kichwani: huyu anataka nini, yule atafanya nini nikifanya hivi, na yeye ananidhania mimi nikoje. Picha hizo si kamili. Ni za kurahisisha, kama tunavyorahisishana sisi. Na mtu huyo anatazama mbele hatua chache tu, si mpaka mwisho wa dunia. Simon angefurahi.

Na unajua mfano mmojawapo walioujaribia? Uonevu shuleni. Kuna mwonevu, kuna mwonewa, kuna mwalimu, na kuna wanaotazama. Mwonevu anaweza kutaka kujiona mkubwa, au kumshusha mwenzake, au kupata sifa mbele ya darasa, na uzito wa kila kimoja unaweza kubadilishwa. Wenye kutazama wanaweza kucheka pamoja naye. Pale sifa inapopewa uzito, kicheko kile kinaingia kwenye hesabu ya mwonevu kama mshahara. Na anayetazama naye ana hesabu zake, na picha zake za wengine.

Nilichukua kaunta buku langu nikajiandika mimi mwenyewe kwa mtindo huo. Ninachotaka: kwanza, nisiwe wa kufuata. Pili, wakubwa wanione mwenzao. Tatu, yule mwenzetu aachwe na barua zake. La tatu lilikuwapo, naapa, ila uzito wake ulikuwa mdogo. Ninachoamini: wenzangu wote wanaona ni kichekesho kweli, na nikinyamaza peke yangu mkubwa ataniona.

Mwaka jana nilikutana stendi na mmoja wa wenzangu wa bweni lile. Tukaongea ya zamani, nikamtajia zile barua. Akatazama pembeni, akasema: "Mimi nilikuwa nacheka kwa kukuangalia wewe."

Naam. Tulikuwa vijana arobaini katika bweni moja, na sijui ni wangapi walioona kichekesho. Pengine tulikuwa tunaogopana tu. Kila mmoja alikuwa na picha ya mwenzake kichwani, na picha ilikuwa ya uongo.

Kuamua na kuchagua

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na wenzao walitengeneza kijiji cha watu 25 wa kubuni wanaoendeshwa na programu za lugha. Mmoja alipewa wazo la kuandaa sherehe ya Siku ya Wapendanao, habari zikasambaa, wakaalikwa 12, wakaja watano. Wengine walitoa udhuru, na wengine walionyesha nia wasitokee. Kama watu kabisa! Mwaka 2024 wakahoji watu wa kweli 1,052, kila mmoja kama saa mbili, wakatengeneza kivuli cha kila mmoja. Katika maswali ya uchunguzi wa jamii vivuli vililingana na wenyewe kwa kiwango cha asilimia 85 ya jinsi wenyewe walivyolingana na majibu yao baada ya wiki mbili. Maana hata sisi huwa hatulingani na nafsi zetu.

Je, siku moja kivuli changu kitachekeshwa na barua ya mama wa mtu? Labda. Lakini hapa nataka kumtaja mtu mmoja wa mwisho, Joseph Weizenbaum. Alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 familia yake ikawakimbia Manazi, ikaenda Marekani. Mwaka 1966 alitangaza ELIZA, programu ya mazungumzo, akashtuka kuona watu wanaifungulia mioyo yao. Mwaka 1976 akaandika kitabu akionya kwamba kuamua si sawa na kuchagua. Kuamua kunaweza kuwa hesabu, na mashine itaifanya. Kuchagua kunatoka kwenye utu, na mtu anabaki na dhima yake.

Namwelewa. Hesabu yangu ya kaunta buku inaeleza kwa nini nilicheka. Hainiondolei kicheko chenyewe. Ukiwa na PsychSim unaweza kuurudisha usiku uleule mara mia, ukabadilisha uzito wa kitu kimoja, ukaona mtazamaji mmoja akinyamaza, kisha wa pili. Bweni letu halirudishwi.

Kwa hiyo naandika sura ile mara ya nne. Mkubwa wa bweni sasa ana anachokitaka, na ana anachokiogopa. Mtazamaji ana sura, si nzuri sana, lakini ni yake. Nimekwama kwa mtu mmoja tu. Kila nikitaka kuandika yule mwenzetu mpole alituonaje, sisi arobaini tunaocheka, alidhani nani kati yetu angeweza kusimama, kalamu inagoma. Sijui alimtazama nani usiku ule. Sikuwahi kumuuliza.